Je, wajua kwa nini Agatha Christie, mtunzi wa hadithi za upelelezi, alipenda kuua kwa sumu?

Chupa ya dawa ya kikohozi huwa na maandishi madogo ubavuni: "Tikisa kabla ya kutumia." Wengi wetu hatutikisi. Tunafungua, tunamimina kijikoni, mtoto anakunja uso, basi yameisha. Lakini mwaka 1916, katika chumba cha dawa cha hospitali moja mjini Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwanamke wa miaka 25 aliona kwamba kuyapuuza maneno hayo kunaweza kumuua mtu. Jina lake Agatha Christie, mumewe yuko vitani, na hajachapisha riwaya hata moja.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijitolea uuguzi, kisha akahamishiwa kwenye dawa, na mwaka 1917 akafaulu mtihani wa kumruhusu kuzichanganya. Zama hizo dawa nyingi hazikuja zimepakiwa kiwandani. Zilipimwa kwa mizani, zikasagwa kwa kinu, zikatiwa kwenye chupa kwa mkono. Strikinini, ambayo kwa kipimo kikubwa hukakamaza mwili mzima hadi mtu ashindwe kupumua, kwa kipimo kidogo iliuzwa kama dawa ya kuongeza nguvu.

Mfamasia wa mjini aliyemfundisha alikuwa mtu wa ajabu. Siku moja Agatha alimwona akitengeneza dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa, na akagundua kwamba nukta ya desimali imekaa pasipo pake: kila kimoja kilikuwa na dozi mara 10. Mwanafunzi atamwambiaje bwana mkubwa kwamba amekosea? Hakumwambia. Alijifanya kujikwaa, akaangusha sinia, na dawa zilipotawanyika sakafuni akazikanyaga vizuri, kisha akaomba radhi kwa uzembe wake. Zikatengenezwa upya. Mfamasia huyo huyo alimwonyesha kipande cha kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, ambacho alitembea nacho mfukoni. Kisa? Kilimfanya ajione ana nguvu. Mwandishi hakumsahau; miaka mingi baadaye alimtumia kuumba mhusika.

Kazi ya chumba cha dawa ilikuwa na saa ndefu za kukaa bure, na ndimo alimoanza riwaya yake ya kwanza, The Mysterious Affair at Styles. Dada yake alikuwa amembishia kwamba hadithi ya upelelezi hataiweza. (Kama bado hujaisoma na unapanga kuisoma, ruka sentensi mbili zinazofuata.) Mama tajiri anakunywa dawa ya nguvu yenye strikinini kidogo, mtu anatia unga wa bromaidi, dawa ya kutuliza, ndani ya chupa, na strikinini yote inajitenga na kutuama chini. Dozi za mwanzo hazimdhuru, ila ya mwisho inabeba sumu ya chupa nzima, kwa kuwa hakuna aliyetikisa.

Wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu hicho. Kilipotoka, 1920 Marekani na 1921 Uingereza, kilimwingizia mwandishi pauni 25 tu. Sifa aliyojivunia zaidi ilitoka kwenye jarida la wafamasia, lililompongeza kwa kuielezea sumu sawasawa. Mimi naamini hapo ndipo nafasi yake ilipojulikana: mwandishi ambaye wenye taaluma wanamsoma na hawapati la kumkosoa.

Basi, kwa nini sumu, na kwa nini visa vyake vingi viko kijijini? Hadithi hizi ni za kusomwa na kikombe cha chai pembeni: maiti ipo, damu haipo. Bastola inalia na kuchafua zulia. Kisu kinataka muuaji awepo. Sumu inasubiri, aliyeitega anaweza kuwa kanisani akiimba wakati mwenzake anakata roho, na kila mtu mezani akawa mshukiwa. Tena vijiji vya Uingereza wakati huo vilijaa sumu halali. Aseniki ilikuwa kwenye dawa ya magugu na kwenye karatasi za kuulia nzi. Sayanaidi iliua nyigu, strikinini iliua fuko. Banda la bustani lilikuwa ghala la silaha.

Na sheria yenyewe ilimsaidia mtunzi. Tangu mwaka 1851 muuza aseniki alipaswa kuandika daftarini jina la mnunuzi, anwani, kiasi na matumizi, na mnunuzi akatia saini. Kama muuzaji hamjui, ilibidi aje na shahidi anayejulikana na wote wawili. Fikiria daftari hilo katika kijiji ambacho mwenye duka anamjua hadi mbwa wako. Katika kitabu kile cha kwanza, mtu mwenye ndevu anaingia dukani, anasema ana mbwa wa kuua, anatia saini, na kesi nzima inazunguka saini hiyo na ndevu hizo. Bibi Marple, mpelelezi aliyebuniwa na Christie, mzee mfumaji sweta wa kijiji cha kubuni cha St Mary Mead, alijengewa riwaya zake kuanzia 1930 juu ya ujirani wa namna hiyo.

Katika Vita vya Pili Christie alirudi tena kwenye chumba cha dawa, safari hii London, na elimu yake ikapata sumu mpya. Mwaka 1961 alitoa The Pale Horse, ambamo sumu ni thaliamu, na dalili amezieleza kinaganaga, hasa nywele kunyonyoka. Alifariki Januari 1976 nyumbani kwake karibu na Wallingford, akazikwa kijiji cha jirani, Cholsey.

Mwaka 1977 mtoto wa miezi 19 aliletwa London kutoka Qatar akiwa hoi, na madaktari hawakujua anaumwa nini. Nywele zikaanza kumtoka. Muuguzi aliyekuwa akimhudumia alikuwa anasoma The Pale Horse. Akawaambia madaktari: hii ni thaliamu. Wakapima, ikawa kweli. Nyumbani kwao kulikuwa na sumu ya mende na panya. Mtoto alitibiwa, akapata nafuu. Madaktari walipoandika kisa hicho kwenye jarida la kitabibu, mwishoni walimshukuru marehemu Agatha Christie kwa kueleza dalili kwa umakini, na muuguzi kwa kuwasaidia kwenda na wakati katika usomaji wao.