Pumu: ugonjwa unaobaki hata kifua kikifunguka

Mitaani Nairobi, mtu akisema "pumu imempanda" ana maana kwamba fulani amebanwa na kifua. Kifua kikifunguka, watu huhesabu kwamba pumu imekwenda zake. Kwa daktari neno hili lina upana zaidi: ni hali ya kudumu ambayo mirija ya hewa ndani ya mapafu imevimba na huchokozeka upesi, hata siku ambazo mgonjwa anapumua vizuri. Kubanwa ni matokeo tu. Anayeshika maana ile ya kwanza huacha dawa kila akipata nafuu, na ndiyo sababu wengi hurudi hospitalini mara kwa mara.

Mrija ukichokozwa, misuli inayouzunguka hujikaza, utando wa ndani huvimba na ute mzito huongezeka. Nafasi ya hewa inakuwa finyu. Mirija hutanuka mtu anapovuta pumzi na kusinyaa anapoitoa, kwa hiyo taabu kubwa huwa kwenye kutoa, na hapo ndipo kifua hulia kama filimbi. Wengine hawalii filimbi. Hukohoa tu saa nane au saa tisa za usiku. Hata hivyo, kikohozi kilichopita wiki 2 kipimwe kifua kikuu. Pumu haiambukizi, kifua kikuu kinaambukiza.

Vichocheo havifichiki: jiko la makaa ndani ya chumba kimoja cha mabati, taka zinazochomwa, vumbi, mende, baridi ya Julai, na zaidi ya vyote mafua. Aspirini na propranololi (dawa ya presha na moyo) pia huwabana baadhi ya wagonjwa, basi mwambie muuza dawa kwamba una pumu kabla hajakupa chochote.

Dawa ni za aina mbili, na hapa ndipo pana mkanganyiko mkubwa. Inhela (kifaa cha kuvuta dawa kwa mdomo) ya bluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi. Uvimbe hutulizwa na steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, inayotumiwa kila siku na kuonyesha faida yake baada ya siku kadhaa hadi wiki. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa kutibu pumu, uitwao GINA, hautaki mtu mzima wala kijana ategemee salbutamoli peke yake. Ukimaliza inhela 3 za bluu za mivuto 200 ndani ya mwaka mmoja, uko katika hatari ya kubanwa vibaya, hata kama unajiona mzima.

Wapo wanaoogopa inhela kwamba "inazoeza", wakaomba vidonge. Hesabu inawapinga. Mvuto mmoja una maikrogramu 100 za salbutamoli. Kidonge cha miligramu 4 kina maikrogramu 4,000, sawa na mivuto 40. Tena kidonge hupitia tumboni na kusambaa mwili mzima: mikono inatetemeka, moyo unadunda, na kifua kinachelewa kufunguka.

Inhela ikipulizwa moja kwa moja mdomoni, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo na kuishia hapo. Chupa ya plastiki ya nusu lita hurekebisha hilo kwa gharama ndogo sana. Ioshe kwa maji ya sabuni, kisha iache ikauke yenyewe; ukiifuta kwa kitambaa plastiki hupata chaji ya umeme inayonasa dawa. Pasha waya moto, toboa kitako tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, chomeka inhela humo, na uzibe kingo kwa utepe ili hewa isivuje. Puliza mivuto michache ndani ya chupa mpya kabla ya kuanza kuitumia.

Kisha tikisa inhela, toa pumzi, funika mdomo wa chupa kwa midomo yako, bonyeza mara 1 tu na upumue taratibu mara 5 au 6 bila kubandua midomo. Subiri nusu dakika, tikisa tena, rudia. Kosa linaloonekana kila siku ni kubonyeza mara 3 mfululizo: matone hugongana na kuganda kwenye plastiki, na mgonjwa anadhani dawa haina nguvu. Baada ya steroidi, sukutua na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni.

Mtu akibanwa, aketi wima, asilazwe. Apewe mivuto 4 hadi 10 kupitia chupa, mmoja mmoja, na arudiwe kila dakika 20 katika saa ya kwanza huku gari likitafutwa. Asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo ya buluu, anayesinzia, au mtoto ambaye nyama za katikati ya mbavu zinadidimia anapopumua, apelekwe hospitali papo hapo. Na kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, msifurahi: hewa haipiti tena. Endeleeni kumpa dawa njiani mpaka mlango wa hospitali.