Modeli isome, msimbo uhesabu: dhana potofu kuhusu kugeuza andiko la mradi kuwa ratiba

Dhana: ukiipa modeli ya lugha (akili mnemba inayosoma na kuandika) andiko la mradi, itakutolea ratiba kamili yenye tarehe.

Itatoa kweli, na itapendeza macho. Iulize tena kesho, huenda ikatoa tarehe nyingine, na hutaweza kumweleza mkandarasi zilikotoka. Modeli ni msomaji mzuri; kupiga hesabu ya tarehe ni kazi ya msimbo wa kawaida, yaani programu ya kompyuta. Kwa hiyo tenganisha. Modeli ichomoe kila kazi kutoka kwenye andiko na kuirudisha kwa muundo wa JSON (maandishi yaliyopangwa ili programu iweze kuyasoma): namba, jina, muda, aina ya muda (siku za kazi au za kalenda), namba za kazi zinazoitangulia, na sentensi ya andiko ilikotoka, neno kwa neno.

Kabla ya kuhesabu, msimbo ukague. Je, sentensi hiyo imo kwenye andiko? Ikikosekana, kazi hiyo imebuniwa. Je, kila kazi iliyotajwa kutangulia ipo kwenye orodha? Je, kazi ya 3 inaingoja ya 7 huku ya 7 ikiingoja ya 3? Mzunguko wa namna hii hubainika kwa kuondoa kazi isiyongoja chochote, kisha nyingine, hadi mwisho. Zikibaki zinazongojana, rudisha kosa kwa modeli au kwa mtu, wala msimbo usikisie.

Dhana: muda wa mradi ni jumla ya siku za kazi zote.

Chukua mnara wa zege wa tenki la maji la lita 10,000 katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kama Kalya, wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma. Kuchimba msingi siku 4. Kununua na kuleta saruji na nondo siku 6. Msingi na nguzo siku 8. Kungoja zege lishike nguvu siku 28. Kupandisha tenki siku 2. Kutandaza mabomba siku 10. Kujaza maji na kujaribu siku 1. Ukijumlisha unapata 59. Lakini uchimbaji na manunuzi huanza pamoja, na mabomba hutandazwa wakati zege linangojwa. Mnyororo mrefu zaidi wa kazi ambazo lazima zifuatane ni 6 + 8 + 28 + 2 + 1, yaani siku 45. Mabomba yakianza siku ya 14, zege linapoanza kungojwa, huisha siku ya 24, na yanahitajika siku ya 44, hivyo yana nafasi ya kuchelewa siku 20. Saruji ikichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Hesabu hii inajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na haihitaji akili mnemba hata kidogo.

Tazama sasa ile aina ya muda. Zege hukomaa Jumapili pia. Msimbo ukizihesabu siku 28 kuwa siku za kazi kwa wiki ya siku 6, zinakuwa 32 za kalenda. Kwa wiki ya siku 5, zinakuwa 38. Kosa baya zaidi ni modeli kuuruka ungojaji wenyewe kwa kuwa hauna fundi wala malipo. Maji ya tenki hilo yana uzito wa tani 10, na hayafai kupandishwa juu ya zege changa. Kuongeza vibarua hakufupishi siku hizo.

Dhana: modeli inayojua Kiswahili inajua saa na majira yetu.

“Kikao saa mbili asubuhi” huweza kuingia kwenye ratiba kama 02:00 badala ya 08:00. Andiko likisema “mtondogoo”, modeli ikuonyeshe tarehe uithibitishe. Siku ziandikwe kwa majina, kamwe si kwa namba: Jumatatu yetu ni siku ya tatu kuanzia Jumamosi, ilhali kompyuta nyingi huipa namba 1.

Majira ndiyo yenye hasara kubwa. Modeli iliyozoea habari za pwani hudhani kuna vuli, kisha mwanya mkavu Januari, kisha masika. Kigoma na Tabora zina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Mtaro uliopangwa Januari utajaa maji. Kiangazi nacho, kwa vijiji vya mwambao, huja na upepo wa kusi unaochafua ziwa, na boti ya saruji hukaa bandarini. Basi weka kalenda mbili, ya nchi kavu na ya ziwa, uziandike mwenyewe. Idi iwe na siku inayoweza kusogezwa, kwani hufuata mwandamo wa mwezi.

Dhana: kisichoandikwa hakipo.

Andiko litasema “kununua saruji” bila kutaja boti, wapakuaji wala ghala lisilovuja. Modeli iruhusiwe kupendekeza kazi hizo, lakini ziwekwe pembeni kama maswali kwa msimamizi. Zisiingie kwenye ratiba hadi azikubali.

Dhana: bila intaneti zana haifai.

Usomaji wa andiko ndio unaotumia bando, tena mara moja. Kuhesabu upya saruji inapochelewa hufanyika kwenye kompyuta yoyote ya kawaida.

Dhana: ikifaulu kwa andiko moja, iko tayari.

Tafuta maandiko 10 hadi 20 ya miradi iliyokwisha, yenye ratiba halisi. Kwa kila moja hesabu vitu vitatu kando kando: kazi zilizoachwa, kazi zilizobuniwa, na mfuatano uliogeuzwa, yaani kazi inayopaswa kutangulia kuwekwa nyuma. Usivichanganye kuwa alama moja, maana kazi iliyobuniwa msimamizi huiona na kuifuta mara moja, ila iliyoachwa huonekana siku mafundi wanapofika na kukuta nondo hazipo.