Rangi ya kahawia katika picha za kale haitokani na uzee
Wengi huamini kwamba picha za karne ya 19 ni za kahawia kwa sababu zimechakaa. Kwa nyingi, hiyo si kweli, nami naona tunawapunja mafundi wa picha hizo. Katika mbinu ya albumeni, iliyotangazwa na Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850, karatasi ilipakwa ute wa yai wenye chumvi, ikalazwa juu ya maji ya nitrati ya fedha (chumvi ya madini ya fedha), kisha ikaanikwa juani chini ya negativu (picha ya awali ambamo weupe na weusi vimebadilishana) hadi picha ijitokeze. Chembe za fedha zilizoundwa hivyo ni ndogo mno, ndiyo maana zilionekana kahawia tangu mwanzo. Uzee huleta umanjano, hasa penye weupe. Rangi hufuata mbinu: sayanotaipu, mbinu nyingine ya picha ya mwanasayansi Mwingereza John Herschel (1842), itumiayo chumvi za chuma badala ya fedha, huwa buluu.