Saumu haijazi gole: dhana potofu kuhusu dawa za asili kwa vifaranga wa nyama

Dhana: Kitunguu saumu, tangawizi na mlonge vinakuza broila.

Kinachomkuza broila ni chakula. Anaanguliwa na gramu 40 hivi, na akitunzwa vizuri anagonga kilo mbili wiki ya tano au ya sita. Nyama hiyo yote imetoka kwenye mahindi, soya na mashudu, na stata yake, yaani chakula cha kuanzia, inataka protini asilimia 21 hadi 23. Saumu na tangawizi kazi yake iko kwenye utumbo: kupunguza bakteria wabaya na kusaidia mmeng'enyo, ili alichokula kinyonywe vizuri. Asipokula, hakuna cha kunyonywa.

Ndiyo maana usiku wa kwanza mimi sitwangi saumu, nashika vifaranga. Nawanyanyua mmoja mmoja, kidole kwenye gole, pale chini ya shingo. Likiwa limejaa na laini, amekula na amekunywa. Likiwa gumu, amekula lakini maji hajayaona. Likiwa tupu, naangalia joto la bruda, pale wanapopashiwa joto, kabla ya kitu kingine chochote. Wiki ya kwanza linatakiwa liwe nyuzi 32 au 33, na kifaranga anayetetemeka hasogei kwenye chakula hata ukikitia nini.

Dhana: Ya asili haina madhara, hata ukizidisha.

Hii inaniuma, maana niliifanya mwenyewe. Majani makavu ya mlonge yana protini ya karibu robo ya uzito wake, nikajiona nimepata soya ya bure. Nikachanganya kilo 15 kwenye kila kilo 100 za chakula. Wiki ya tatu kinyesi kikawa cha kijani na chepesi, maranda yakaloa, na kwenye mizani vifaranga wakawa wepesi kuliko wa mkupuo uliotangulia. Majani yale yana nyuzinyuzi nyingi, na tumbo changa la kifaranga haliziwezi. Siku hizi sivuki kilo moja kwa mia.

Mwarobaini nao ni mchungu: ukizidi anapunguza kula, na ini linaumia. Utomvu wa njano wa shubiri unaharisha.

Dhana: Saumu inatosha badala ya chanjo.

Haitoshi. Mdondo na gumboro ni magonjwa ya virusi, na kinga yake ni chanjo kwa ratiba. Kuhara damu kunaletwa na vimelea vya koksidia. Hapo muone mtaalamu wa mifugo mapema, kabla hujaanza kuokota mizoga asubuhi. Siku ya chanjo ya maji, weka maji safi matupu: yasiwe na klorini, wala siki, wala saumu.

Dhana: Saumu ichemshwe ndiyo itoe nguvu.

Kinyume chake. Allisini, kiungo chenye kazi, hutokea punje inapopondwa, na moto unaiharibu. Ponda, acha dakika kumi, changanya kwenye maji, tumia siku hiyo hiyo. Harufu ikiwa kali mno vifaranga wanayasusa maji, na asiyekunywa hali.

Dhana: Ngozi ya njano maana yake kuku mzito.

Rangi tu, inatoka kwenye mahindi ya njano na majani.

Dhana: Broila wa kawaida hukuzwa kwa homoni, kwa hiyo mitishamba ndiyo njia pekee salama.

Kasi ya broila imetokana na kuchagua mbegu kizazi hadi kizazi. Homoni ya ukuaji ni protini. Ukiitia kwenye chakula, tumbo linaimeng'enya kama dagaa. Kilichokuwa kikitiwa kweli kwenye chakula ni antibiotiki za dozi ndogo. Sweden ilizikataza mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukamaliza kuzikataza tarehe 1 Januari 2006, kwa hofu ya bakteria sugu. Hapo ndipo mimea ilipoanza kutafutwa kwa bidii kama mbadala, na mimi naiunga mkono.

Ila ipime. Gawa vifaranga wa siku moja makundi mawili, banda moja, stata moja, kundi moja tu lipate mlonge. Pima chakula kinachoingia kila upande. Siku ya 35 pima uzito, gawanya kilo za chakula kwa kilo za kuku. Broila aliyetunzwa vizuri hutumia kama kilo 1.6 hadi 1.8 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Upande wenye mlonge ukitoka na namba kubwa kuliko mwenzake, punguza mlonge.