Mwani wa ndani na mwani wa juu

Kila Nairobi inaporudi kutoka likizo ya Diani na Watamu, picha za matumbawe hujaa kwenye simu, na maelezo hayabadiliki: "Mwani umevamia matumbawe, ndiyo maana yanakufa." Maneno hayohayo nimeyasikia hata kwenye makongamano ya mazingira hapa mjini, tena kwa kipaza sauti.

Maneno hayo yanachanganya mwani wa aina mbili. Wa kwanza ni zoozanthela, na maana yake ni fupi. Zoozanthela ni mwani wa seli moja unaoishi ndani ya mnyama wa baharini, hasa tumbawe (naam, tumbawe ni mnyama). Mwani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na sehemu kubwa humwachia mwenyeji. Mwenyeji naye huupa hifadhi, kaboni na mabaki yake yenye nitrojeni. Kombe wakubwa wa Tridacna wanao pia, na konyeza aitwaye Cassiopea hulala chali chini baharini ili mwani wake upate jua.

Sasa kinachoniudhi. Ile rangi ya kahawia kwenye tumbawe lenye afya, kwa sehemu kubwa, ndiyo mwani wenyewe. Bahari ikizidi kilele chake cha kawaida cha joto hata kwa nyuzi 1 tu, kwa wiki kadhaa, usanisinuru (kule kutengeneza sukari kwa jua) huvurugika, mwani huanza kutoa kemikali zinazomdhuru mnyama, naye huutema. Kwa kuwa nyama yake inapitisha mwanga, unachokiona ni kiunzi chake cha chokaa nyeupe kilicho chini. Huko ndiko kupauka. Mnyama bado yu hai, ila ana njaa, na maji yakiwahi kupoa anaweza kupata mwani tena. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipoikumba pwani yetu, matumbawe mengi hayakuwahi kuupata, yakafa.

Ule mwani wa manyoya-manyoya kwenye picha zenu ni mwingine kabisa. Huo huota juu ya chokaa baada ya nyama kufa, na pono huupitia wakiukwangua kwa meno. Pono wakivuliwa wote, mwani huo hutanda na kuwanyima matumbawe machanga mahali pa kushika. Hapo lawama nitaikubali.

Kwa hiyo, ndugu mwenye picha, ukiona weupe, andika kwamba mwani umetoka. Ukiona manyoya ya kijani, andika kwamba sehemu hiyo ilishakufa, ndipo mwani ukahamia.