Je, wajua kwa nini makala ya kisayansi iliyobatilishwa bado inasomeka?

Februari 2010 jarida la tiba The Lancet lilibatilisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake. Ilikuwa imechapishwa mwaka 1998 na ilidokeza uhusiano kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, kwa kutazama watoto 12. Wengi wakisikia habari hiyo hudhani makala iling'olewa mtandaoni. Ingia kwenye tovuti ya jarida leo utaikuta nzima, na majina ya waandishi na majedwali yake. Kilichoongezwa ni neno RETRACTED, lililogongwa kwa herufi kubwa nyekundu kwenye kurasa, na kiungo cha tangazo la wahariri.

Dhana kwamba kubatilisha ni kufuta imeenea sana, hata miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu, na inaeleweka: kosa likigunduliwa, akili hutaka lipotee. Majarida ya kitaaluma yana desturi tofauti. Makala ikishachapishwa, wengine huanza kuijengea juu. Watafiti huitaja, huchukua takwimu zake na kuziingiza katika uchambuzi jumuishi unaounganisha matokeo ya tafiti nyingi, na miongozo ya matibabu huitegemea. Ukiifuta, zile zilizoitegemea zinabaki zikielekeza mahali patupu, na anayetaka kujua uharibifu umefika wapi hana pa kuanzia. Vilevile ushahidi wa kosa lenyewe hupotea. Atakayeuliza baadaye kama wahariri waliamua kwa haki hatakuwa na cha kusoma.

Ndiyo maana COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa mwaka 1997, inaelekeza katika miongozo yake kwamba makala iliyobatilishwa ibaki ikisomeka, iwekewe alama wazi, na tangazo lake liweze kusomwa na yeyote bila malipo. Tangazo litaje nani anabatilisha na kwa sababu gani. Kuondoa kabisa huachiwa hali chache: faragha ya mgonjwa imevunjwa, maandishi yanamkashifu mtu kinyume cha sheria, kuna amri ya mahakama, au kuna hatari kubwa kwa afya ya watu. Hata hapo jina la makala na waandishi hubaki, pamoja na maelezo ya kwa nini maandishi hayapo.

Dhana ya kwanza huzaa ya pili, nayo inaumiza watu: kwamba kila makala iliyobatilishwa ni ya udanganyifu. Mwaka 2012 Fang, Steen na Casadevall walichambua makala 2,047 za sayansi ya tiba na maisha zilizokuwa zimebatilishwa. Asilimia 67.4 zilitokana na utovu wa maadili, ikiwemo kughushi data, kuchapisha kitu kilekile mara mbili na kuiba maandishi. Asilimia 21.3 zilikuwa makosa ya kawaida. Takwimu hizo zisomwe kwa tahadhari. Zinahusu fani moja pana na kipindi kimoja, na matangazo mengi ya wahariri huwa mafupi au yenye kuficha, kiasi kwamba watafiti hao walilazimika kutafuta sababu halisi kwenye vyanzo vingine. Lakini hata tukizichukua jinsi zilivyo, takriban moja katika kila tano ilikuwa kosa la kibinadamu.

Mfano bora wa kosa kama hilo ninaoujua ni utafiti wa Hispania uitwao PREDIMED, kuhusu mlo wa Mediterania na maradhi ya moyo, uliochapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 2013 ukiwa na washiriki 7,447. Daktari wa dawa za usingizi wa Uingereza, John Carlisle, alikuwa amebuni njia ya kitakwimu ya kupima kama makundi ya washiriki yaligawanywa kwa bahati nasibu kweli, na mwaka 2017 aliionyesha kazi hiyo kuwa miongoni mwa zenye dalili za kutiliwa shaka. Waandishi walirudi kwenye kumbukumbu zao. Wakakuta kwamba baadhi ya watu wa nyumba moja waliwekwa kundi moja, na kwamba kituo kimoja kiligawanya kliniki badala ya kugawanya mtu mmoja mmoja. Juni 2018 waliibatilisha makala na siku hiyohiyo wakachapisha toleo lililochambuliwa upya, lenye madai ya upole zaidi kuhusu sababu na matokeo. Naona huo ni ujasiri wa kitaaluma unaostahili kusifiwa waziwazi. Kuwaweka watu hao kapu moja na waghushi ni kuwafundisha wengine wanyamaze wakigundua makosa yao.

Basi, ikiwa alama nyekundu imegongwa na tangazo lipo wazi, kwa nini makala hizi huendelea kutajwa kama ushahidi?

Fikiria dawa iliyokwisha kununuliwa. Kiwanda kinaweza kutangaza kwamba ina kasoro, na maduka yakaiondoa rafuni siku hiyohiyo, lakini chupa iliyoko kabatini nyumbani haisikii tangazo. Faili la PDF ni chupa hiyo. Ulilipakua mwaka 2009, ukalihifadhi kwenye kompyuta, ukamtumia mwenzako, naye akaliweka kwenye hifadhi ya chuo chake. Jarida likigonga alama, hugonga nakala yake lenyewe. Zile zilizokwisha kusambaa hubaki safi kama siku ya kwanza.

Kilicho kwenye chupa zote, popote zilipo, ni namba yake ya toleo. Kwa makala, namba hiyo ni DOI, kitambulisho cha kudumu cha hati mtandaoni, na ndiyo inayoleta matumaini. Majarida mengi husajili DOI zao kwa shirika la Crossref, lililoanza mwaka 2000. Makala ikibatilishwa, tangazo hupata DOI yake, kisha mchapishaji hupeleka taarifa Crossref kwamba hati hii inabatilisha ile. Tangu hapo kompyuta yoyote yenye namba ya makala inaweza kuuliza hali yake. Kitufe cha Crossmark, ambacho baadhi ya wachapishaji hukiweka ndani ya PDF, hufanya hivyo: ukikibonyeza ukiwa na intaneti, hukuonyesha makala imerekebishwa, imebatilishwa au iko vilevile. Chupa ya kabatini imepata njia ya kuuliza kiwandani, ili mradi mwenye nyumba akumbuke kubonyeza.

Mnyororo huo hukatika mapema kuliko watu wanavyodhani. Kwanza, wachapishaji wengi hawapeleki taarifa. Mwaka 2023 Crossref ilipoinunua hifadhidata ya Retraction Watch, mradi ulioanzishwa na Ivan Oransky na Adam Marcus mwaka 2010, hifadhidata hiyo ilikuwa na takriban makala 43,000 zilizobatilishwa. Zilizoripotiwa Crossref na wachapishaji wenyewe zilikuwa takriban 14,000. Pengo hilo ni la watu waliopewa jukumu la kutoa taarifa wakaacha, na kundi dogo la waandishi wa habari likalijaza kwa kukusanya matangazo moja moja.

Pili, marejeleo hunakiliwa. Mtafiti huona kazi imetajwa katika makala anayoiamini, naye hulichukua rejeleo hilo bila kufungua chanzo. Alama inaweza kung'aa kiasi gani kwenye ukurasa asioutembelea?

Mwaka 2020 ulitoa jaribio zuri la jambo hili. Tarehe 22 Mei The Lancet ilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine na UVIKO-19, iliyodai kutumia rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671, zilizokusanywa na kampuni ya Surgisphere. Kampuni ilikataa kuwapa wakaguzi huru data ghafi, na tarehe 4 Juni makala ikabatilishwa, siku moja na nyingine ya New England Journal of Medicine iliyotegemea data za kampuni hiyohiyo. Ilichukua chini ya wiki 2, wakati ya Wakefield ilichukua miaka 12. Dunia nzima ilisikia. Hata hivyo, kitengo cha habari cha jarida la Science kilipokagua makala 200 za mwaka huo zilizozitaja kazi hizo mbili, zaidi ya nusu zilizitumia kama ushahidi bila kusema zimebatilishwa.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa. Hesabu ya marejeleo pekee haitoshi kumhukumu mtu, kwa kuwa makala iliyobatilishwa inaweza kutajwa kihalali, ili kuikosoa au kueleza historia yake, kama ninavyofanya sasa. Mwandishi anayeitaja hivyo atamke wazi kwamba imebatilishwa, na tangazo lenyewe aliorodheshe.

Teknolojia imeanza kumwondolea msomaji mzigo wa kukumbuka kubonyeza. Tangu 2019 programu ya Zotero, inayopanga marejeleo, hulinganisha maktaba yako na hifadhidata ya Retraction Watch na kukuonyesha onyo jekundu, tena kwa utaratibu usioilazimu seva kujua una makala gani. Guillaume Cabanac, mtaalamu wa kompyuta wa Ufaransa, ametengeneza chombo kinachotafuta makala ambazo orodha zao za marejeleo zimejaa kazi zilizobatilishwa, ili zichunguzwe upya.

Kazi hiyo inazidi kuwa ya lazima. Mwaka 2023 pekee makala zaidi ya 10,000 zilibatilishwa duniani, zaidi ya 8,000 kati yake zikiwa za majarida ya Hindawi, ambayo wakati huo yalikuwa mali ya kampuni ya Wiley. Hakuna mhariri atakayezishika kichwani. Kulinganisha kila DOI ya kila orodha ya marejeleo na hifadhidata ya Crossref kabla ya kuchapisha ni kazi ya kompyuta ya muda mfupi, na tangu 2023 data hiyo ni bure kwa yeyote. Jarida lisilofanya hivyo halina tena kisingizio cha gharama.