Umeambiwa usiangalie, na bado umebeba

Watu wengi wakija kwetu wanasema "mimi sina kumbukumbu kabisa", yaani ameangalia kitu sasa hivi, kageuka kidogo tu, akirudi hajui kilikuwa wapi. Hiyo ni kumbukumbu ya kuona ya muda mfupi, ile unayoitumia ukivuka barabara, umeangalia upande mmoja alafu unageukia wa pili huku bado unashikilia kichwani lile gari uliloliona.

Kwanza ijulikane kwamba ni ndogo kwa kila mtu. Mwaka 1997 watafiti Steven Luck na Edward Vogel waliwaonyesha watu vimraba vya rangi kwenye skrini kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, vikapotea, baada ya kama sekunde moja vikarudi, na swali ni hili tu, kuna kilichobadilika? Vikiwa vitatu karibu wote wanapatia, kuanzia vinne makosa yanaanza na vikiongezeka yanazidi. Ila kuna mtu anashika viwili tu na mwingine anashika vitano, na wote ni wazima kabisa.

Sasa tofauti inatoka wapi, hapa ndo naomba tutulie kidogo. Kuna wimbi la umeme la ubongo, linapimwa kwa elektrodi, yaani vidude vidogo vya kupima umeme vinavyobandikwa sehemu ya nyuma ya kichwa, linapanda kadri unavyoshika vitu vingi. Mwaka 2005 Vogel na wenzake waliwaambia watu washike vijiti vyekundu tu, vya bluu waachane navyo. Vikija vyekundu viwili na bluu viwili, kwa wale wenye uwezo mkubwa wa kumbukumbu wimbi lilikuwa kama la vitu viwili, lakini kwa wenye uwezo mdogo likapanda karibu kama wameshika vinne! Yaani vile vya bluu walivyoambiwa waviache na vyenyewe vimeingia, vimekaa kwenye nafasi ambayo tayari ni finyu. Kwahiyo mara nyingi shida iko kwenye kuchuja.

Na hata kwenye kusikia ni hivyo hivyo, kuna jaribio la mwaka 2001 watu walitakiwa wafuate maneno ya sikio moja tu, kwenye sikio la pili likatajwa jina lao, wenye uwezo mdogo asilimia 65 walilisikia, wenye uwezo mkubwa 20.

Ndo maana inaniuma nikisikia mtoto anaitwa mvivu au anaambiwa "kaza akili", hajaamua kuviingiza vile vya bluu. Gemu za kuongeza kumbukumbu nazo mara nyingi zinakufanya uwe mzuri kwenye gemu yenyewe, kwenye mambo mengine faida haionekani sana. Kinachosaidia ni kumpunguzia cha kuchuja, simu itoke mezani kabisa isionekane, ukurasa usijazwe mapicha ya urembo, na ukimuonyesha kitu kipya muonyeshe viwili vitatu kwanza, akishavielewa ndo uongeze vingine.